Hasama ya Kansas na Missouri

Tarehe 6 Septemba, 2025, katika mji wa Columbia, Chuo Kikuu cha Kansas na Chuo Kikuu cha Missouri vilikutana tena katika futiboli ya Kimarekani baada ya kususiana kwa miaka 14, na Missouri wakashinda kwa pointi 42 kwa 31. Na ajabu kubwa ni kuwa watu wenye akili timamu waliridhia utani wa jadi uliopita karne nzima ukatike kwa sababu chuo kimoja kilihama ligi.

Asili ya hasama hii ni kongwe kuliko mpira. Tangu sheria ya mwaka 1854 ilipowaachia wakazi wa Kansas waamue wenyewe kama nchi yao itakuwa ya watumwa au ya waungwana, watu wa pande mbili za mpaka walichomeana nyumba na kuuana: Septemba 1861 askari wa Kansas chini ya James Lane waliuteketeza mji wa Osceola, Missouri, na alfajiri ya 21 Agosti, 1863, William Quantrill na wapanda farasi wake wa upande wa Missouri waliingia Lawrence, kilipo leo chuo cha Kansas, wakaua wanaume na wavulana wapatao 150. Waliokuwa watoto siku ile walikuwa watu wazima hai timu hizi zilipochuana mara ya kwanza, 31 Oktoba, 1891, huko Kansas City, na timu ya Kansas ikashinda 22 kwa 10. Na tangu hapo mchezo ukawa ada ya kila mwaka, ukiacha mwaka 1918 wa homa kuu ya mafua.

Lakini ukitaka kujua uchungu wao, muulize mtu wa Kansas habari za mwaka 1960. Tarehe 19 Novemba, Missouri walikuwa hawajafungwa na wameorodheshwa wa kwanza katika taifa zima, nao wako nyumbani, wakati Kansas walipoingia na kuwatandika 23 kwa 7, huku Bert Coan, kijana mwenye mbio aliyehamia kutoka chuo cha Texas Christian, akivuka mstari wa mwisho na mpira mara mbili. Furaha ile haikudumu hata mwezi. Ilidaiwa kuwa Bud Adams, tajiri mwenye timu ya Houston Oilers na mhitimu wa Kansas, alikuwa amempeleka Coan kwa ndege kutazama mchezo Chicago, takrima iliyohesabiwa kuwa hongo ya kumvuta; wakuu wa Big Eight, ligi ya vyuo vyote viwili wakati huo, wakakaa, wakakata shauri kuwa hakustahili kucheza, na ushindi wakawapa walioshindwa. Missouri wameuandika ushindi huo katika daftari lao, na msimu ule wanauita msimu usio na doa; Kansas nao wameuandika katika lao. Kwa hiyo, hadi leo, vyuo hivi viwili vya elimu havijaafikiana hata hesabu ya mechi vilizoshinda, na mimi, kwa insafu, naona waliovuja jasho uwanjani ndio wenye haki.

Mwaka 2007, zaidi ya watu 80,000 walijaa uwanja wa Arrowhead, Kansas City, kuwaona Missouri wakiwashinda Kansas waliokuwa wa pili katika taifa, 36 kwa 28. Miaka minne baadaye Missouri walitangaza kuihama Big 12, ligi yao ya wakati huo, na kwenda SEC, ligi ya kusini yenye fedha nyingi za televisheni, nao Kansas, kwa ghadhabu ya aliyeachwa, wakakataa kucheza nao tena.

Watetezi wa ligi husema mechi hii haiwezi kuchezwa kila mwaka kwa kuwa ratiba imebana, maana timu hupewa mechi 12 na kuanzia 2026 SEC inadai 9 kati ya hizo. Zinabaki tatu. Katika hizo, vyuo vikubwa hualika timu ndogo na kuzilipa fedha nyingi zije zifungwe mbele ya mashabiki wasio na hamu, ilhali mkataba uliopo unawakutanisha Kansas na Missouri huko Lawrence mwaka 2026, kisha hawakutani tena hadi 2031. Fedha ya kuwalipa wageni wasiojulikana ipo, na nafasi ipo. Wakuu wa vyuo hivi wanadaiwa na wananchi wa majimbo mawili Jumamosi moja tu kila mwaka, nao wailipe sasa, wakiwa bado wamekaa meza moja.