Nguvu, Nishati na Kichangamsho: Tatizo la Jina la Kinywaji Migodini

Katika machimbo ya dhahabu ya Geita, Nyarugusu na Kahama, kijana atokaye shimoni baada ya kazi ya usiku huenda dukani akaomba "enaji". Mwenye duka humpa chupa ndogo ya plastiki, aghalabu ya Mo Energy au Azam Energy, na mambo huishia hapo. Taabu humpata mfasiri anapotakiwa kuandika tangazo la afya la kubandikwa karibu na maduara. Je, aandike "kinywaji cha nguvu", "kinywaji cha kuongeza nguvu" au "kinywaji cha nishati"? Majina yote matatu yametumika magazetini na katika nyaraka za ofisi, na kila moja limebeba ahadi ambayo mwandishi wa tangazo huenda hakukusudia kuitoa. Kabla ya kuchagua, yafaa tutazame nyuma kidogo.

Watu wa Kanda ya Ziwa hawakungoja kiwanda ili wapate kitu cha kuwachangamsha kazini. Wasukuma walilima kwa makundi huku ngoma ikipigwa, na bugobogobo, ngoma ya majembe, inachezwa hata leo. Wanzuki, pombe ya asali ambayo jina lake latokana na nzuki, yaani nyuki, ilinywewa Usukuma na Unyamwezi. Upande wa magharibi, Wahaya wa Bukoba walichemsha buni pamoja na majani ya dawa, wakazikausha na kuzitafuna. Mgeni hupewa buni hizo hadi sasa. Hapo palikuwa na kafeini karne nyingi kabla ya neno lenyewe kutufikia. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeziita buni zile "nguvu". Zilikuwa za heshima na mazungumzo, na chakula kilikuwa chakula.

Wakati wa ukoloni likaja neno "posho". Katika migodi na mashamba makubwa mfanyakazi alipimiwa unga au nafaka, na posho hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Huko Mwadui, Shinyanga, Williamson alivumbua almasi mwaka 1940. (Leo mtumishi wa serikali asikiapo posho hafikirii unga hata kidogo, lakini hayo ni makala mengine.) Desturi ya kumlisha mchimbaji haikufa na migodi hiyo. Katika maduara ya wachimbaji wadogo, kijana kwa kawaida hapati mshahara wa mwezi. Mwenye duara au mfadhili humpatia chakula, na mawe yakipatikana hugawana mifuko. Enaji haimo katika mapatano hayo. Huinunua kwa fedha yake mwenyewe, na hivyo jina lililoandikwa kwenye chupa lina uzito katika uamuzi wake: akiambiwa kwamba humo mna nguvu, ataona amenunua badala ya chakula.

Kinywaji chenyewe kina asili ya kazi ngumu. Nchini Japani kampuni ya Taisho ilianza kuuza Lipovitan D mwaka 1962, ikiwa katika vichupa kama vya dawa. Katikati ya miaka ya 1970, Chaleo Yoovidhya wa Thailand alitengeneza Krating Daeng, kikapendwa na madereva wa malori na vibarua. Mwaustria Dietrich Mateschitz alikikuta huko, akakirekebisha, na mwaka 1987 Red Bull ikaanza kuuzwa Austria. Huko Ulaya kikawa kinywaji cha wanafunzi, wanamichezo na wachezaji wa disko, na bei yake ikapanda. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na Lucozade, iliyotengenezwa mwaka 1927 kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 1983 matangazo yake yalibadilishwa, ikaacha kusifiwa kwa kuwaponya wagonjwa na kuanza kusifiwa kwa kuwarudishia nguvu watu wazima wa afya. Viwanda vya Dar es Salaam vilipotoa aina zao katika chupa za plastiki kwa bei ambayo kibarua na dereva wa bodaboda wanaimudu, kinywaji kilikuwa kimerudi kwa watu wa kazi, isipokuwa sasa kilikuwa na jina la Kiingereza.

Kuna jambo jingine la karibu linalowahusu watunga istilahi. Mnamo Februari 2017, akiwa Mirerani, nako ni machimboni, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kupigwa marufuku kwa viroba kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huo. Kiroba ni mfuko. Mchimbaji hutia mawe ya dhahabu katika kiroba. Wananchi waliita pombe kwa jina la kifungashio chake, wakaelewana. Lakini ofisi za serikali zililazimika kueleza kwa urefu kwamba kinachokatazwa ni pombe kali iliyofungwa katika mifuko ya plastiki, maana haiwezekani kukataza mifuko ya mawe. Jina la mtaani lilitosha kwa mazungumzo, likapungua katika sheria. Enaji nayo imo njiani kufika hapo. Lithuania ilikataza kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia mwaka 2016 na Poland mwaka 2024. Siku swali kama hilo litakapofikishwa kwetu, litahitaji neno.

Sasa tuyapime majina. "Nguvu" ni neno pana mno: lahusu misuli, mamlaka, sheria, hata unyumba, na wauzaji hawachukii upana huo. "Nishati" laonekana la kisayansi zaidi. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ilikuwa uchangamfu na wepesi wa kutenda. Sisi tukalipa kazi ya fizikia, na serikali ikalikubali katika jina la Wizara ya Maji, Nishati na Madini. Kwa muda mrefu nishati na madini vilikaa katika wizara moja, hadi vilipotenganishwa Oktoba 2017. Kwa maana hiyo ya fizikia, ugali una nishati, mafuta ya taa yana nishati, na soda ya kawaida ina nishati. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina sukari gramu 27 hivi, kiasi kisichopishana sana na cha soda, na miligramu 80 za kafeini. Nishati yote imo katika sukari. Kafeini, ambayo Mjerumani Runge aliitenga mwaka 1819, haina nishati ya maana. Huzuia adenosini isiupashe ubongo habari za uchovu. Uchovu wabaki mwilini, na mchimbaji aliye chini ya ardhi penye mawe yanayoning'inia hana habari nao mpaka kafeini ipungue. Tukisema "kinywaji cha nishati" tunataja kile ambacho soda inacho pia, na kuficha kile ambacho soda nyingi hazina. Zaidi ya hayo, nyuma ya chupa neno "nishati" litahitajika tena katika orodha ya virutubishi, kwa maana yake halisi.

Lugha yetu ina desturi nzuri ya kuviita vinywaji kwa kile vinachomtenda mnywaji. Kilevi hulevya, kiburudisho huburudisha. Kwa kanuni hiyo napendekeza "kichangamsho", wingi "vichangamsho". Wengine watapenda "kichocheo", lakini neno hilo wanakemia na wanabiolojia wamekwisha kulichukua. Mpinzani aweza kusema kwamba kahawa na chai navyo vitakuwa vichangamsho. Ni kweli, navyo ndivyo vilivyo. Katika hati za viwango, ambazo tangu 2019 upande wa vyakula zimo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, yaweza kuongezwa "cha kiwandani" ili kutofautisha.

Tangazo la pale kwenye maduara lingesomeka hivi: "Kichangamsho hiki kina kafeini. Si chakula, wala si maji. Usinywe ili kuongeza zamu." Mwenye duka ataendelea kuiita enaji, na hapana ubaya, soda nayo iliingia kwa mlango huo huo.