Bisibisi Ndefu Nyembamba

Geuza redio ya mezani uitazame mgongoni. Skrubu huzioni, unaona matundu meusi manne au sita, na skrubu zenyewe ziko huko chini, pengine sentimita 6 ndani. Bisibisi ya kawaida hukwama njiani, na mara nyingi tatizo si ufupi bali unene: chuma chake hakipiti kwenye tundu. Kazi hiyo ni ya bisibisi yenye chuma cha milimita 3 hadi 5, urefu wa sentimita 15, 20, hata 30.

Kwa kawaida skrubu haikufichwa kwa hila. Ganda la nyuma hutengenezwa likiwa na kibomba cha plastiki kinachoingia ndani hadi kukutana na ganda la mbele, skrubu fupi ikashika hapo hapo. Skrubu ya kupita kina chote ingekuwa ghali na rahisi kupinda. Ila hila nayo ipo. Macintosh ya kwanza, iliyotolewa na Apple mwaka 1984, ilifungwa kwa skrubu za Torx, zenye tundu la nyota ya ncha sita, ambazo bisibisi zake hazikuwa zimezoeleka majumbani. Mbili kati ya hizo zilizamishwa ndani ya kishikio cha juu, kwa hiyo hata mwenye bisibisi fupi ya saizi yake, T15, hakuzifikia. Kampuni haikutaka mnunuzi afungue mashine yake. Tuwe wakweli, sababu ya usalama nayo ilikuwapo: tyubu ya picha iliyomo ndani huweza kubaki na umeme mkali hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Wapo wanaoamini kwamba bisibisi ikiwa ndefu ina nguvu zaidi. Hiyo ni sifa ya spana, ambayo husukumwa kwenye ncha ya mkono wake. Bisibisi huzunguka palepale ilipo, na nguvu yake hutoka kwenye unene wa mpini. Faida ya urefu, mbali na kufika, ni unyoofu. Mpini ukiyumba sentimita 1 kando, bisibisi ya sentimita 10 huinama karibu nyuzi 6. Ya sentimita 30 haifiki nyuzi 2, na ncha huendelea kukaa vizuri kichwani mwa skrubu.

Gharama ya wembamba ni kujisokota. Kwa nguvu ileile, chuma cha milimita 2 hujisokota mara 16 ya chuma cha milimita 4 chenye urefu sawa, na urefu ukizidishwa mara mbili, msokoto nao huongezeka mara mbili. Ndiyo maana bisibisi ya kujitengenezea kwa spoku ya baiskeli hufaa skrubu laini za redio, lakini ikikutana na iliyoshika kutu, mpini unageuka huku ncha imetulia. Kisha ncha inaruka, na kichwa cha skrubu kinalika. Kwa skrubu ya namna hiyo, tia kwanza mafuta ya kulegeza kutu, uyaache yafanye kazi, halafu kandamiza kwa nguvu zaidi kuliko unavyozungusha.

Wembamba huamua pia ukubwa wa ncha. Bisibisi ya nyota ya kawaida, ile ya msalaba, ikiwa namba PH2 kwa kawaida huwa na chuma cha milimita 6. Nyembamba zaidi mara nyingi ni PH1 au PH0. Kuingiza PH1 kwenye skrubu ya PH2 kwa sababu tu ndiyo iliyopita tunduni ni njia ya haraka ya kuharibu kichwa ambacho huwezi hata kukiona.

Penye umeme, chuma kirefu kilicho wazi ni hatari kwa urefu wake wote, si nchani tu. Zipo zilizovikwa plastiki na kuandikwa 1000 V, lakini vazi hilo huongeza unene, hivyo pima tundu kabla ya kununua.

Kurudisha skrubu ndiko kunakohitaji subira. Ncha isuguliwe kwa sumaku, kuelekea upande mmoja. Skrubu ya shaba haishikwi na sumaku; hiyo ibandike kwa grisi kidogo. Ikishafika chini, izungushe kinyume kwanza, polepole, mpaka usikie kidoko: hesi imeingia kwenye njia yake ya zamani. Sasa kaza. Na ikidondoka ndani, usiwashe redio mpaka uitikise na kuipata.