Ukomo wa Uzalishaji: Istilahi na Maana Yake katika Elektroniki

Ukomo wa uzalishaji ni hali ambayo kijenzi cha kielektroniki, yaani kipande chenye kazi maalumu ndani ya sakiti, kama vile kapasita, transista au aisii, kimeacha kutengenezwa viwandani ilhali vifaa vinavyokitegemea bado vinatumika. Hali hiyo hutajwa mara nyingi kuwa ni "kupitwa na wakati", maneno yanayokitwisha kifaa lawama isiyokihusu. Wala haifai kuitwa kuchakaa, kwani kilichochakaa kimeliwa na matumizi, ilhali redio iliyokosa kijenzi kimoja huweza kuwa nzima kwingine kote. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, televisheni za zamani hazikuwa zimechakaa. Zilikosa mawimbi tu, na king'amuzi kikazirudishia kazi.

Neno "ukomo" likisimama peke yake lina utata, kwa kuwa katika lugha ya ofisi hudokeza kiwango kisichovukwa, kama katika ukomo wa bajeti. Ndiyo sababu hufungamanishwa na "uzalishaji". Kijenzi nacho hutofautiana na kipuri, ambacho mafundi hukiita spea: kapasita ileile ni kijenzi ikiwa kwenye bodi, na ni kipuri ikiuzwa dukani.

Kwa fundi wa redio wa Chitete, yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, spea iliyokosekana hata katika mji wa mpakani wa Tunduma haimlazimishi kuitupa redio, maadamu kipo kibadala, yaani kijenzi chenye jina au umbo tofauti kinachoweza kushika kazi ya kile cha awali. Kapasita ya elektroliti ya maikrofaradi 100 na volti 16 huweza kupokewa na ya maikrofaradi hizohizo yenye volti 25, mradi itoshee mahali pake na ncha chanya na hasi zisibadilishane. Yenye volti pungufu huweza kupasuka. Transista ni ngumu zaidi, kwani ya jemaniamu huanza kupitisha umeme kwenye volti 0.2 hadi 0.3, ilhali ya silikoni huhitaji 0.6 hadi 0.7, hivyo anayezibadilisha hulazimika kurekebisha pia rizista zinazoipa volti ya kuanzia. Kwa hiyo anayeielewa istilahi hii haanzi kwa kuuliza umri wa redio, bali huuliza kipande kisichopatikana tena kilikuwa kikifanya kazi gani.