Hadithi Iliyokatwa Kiunoni

Mswada wa riwaya yangu una kurasa 300 na ushei, na mchapishaji mmoja wa hapa mjini kaniambia niukate viwe vitabu viwili. Ati karatasi ni ghali. Nilitoka pale kichwa kinaniuma, na usiku wake nikawa nawaza yaliyoipata tamthilia ya Marekani, The Last of Us, katika msimu wake wa pili wa mwaka 2025. Pale kijiweni kwetu ilisemwa mpaka watu wakachoka, lakini wasemaji wengi huanzia mwisho. Mimi naanzia mwanzo.

Mwanzo ni gemu ya video. Mwaka 2013 kampuni ya Naughty Dog ya California ilitoa The Last of Us. Kuvu imeingia vichwani mwa watu ikawageuza hayawani. Joel, mwanamume aliyefiwa na bintiye, anapewa kazi ya kumvusha msichana Ellie nchi nzima, manake Ellie aliumwa na asiugue. Wanafika, madaktari wanataka kumpasua ubongo ili wapate dawa, na akipasuliwa hatapona. Joel anaua watu hospitalini, daktari akiwemo, anamtorosha mtoto kisha anamdanganya. Uongo huo ndio mtaji wa kila kilichofuata.

Gemu ya pili ilitoka Juni 2020, imeandikwa na Neil Druckmann na Halley Gross. Abby, binti wa yule daktari, anamuua Joel kwa gongo la gofu. Ellie anakwenda Seattle kulipiza. Unaongozana naye siku tatu za damu, wasichana hawa wawili wanakutana uso kwa uso, na hapohapo hadithi inakugeuka: siku zilezile tatu zinaanza upya, na sasa wewe ni Abby. Kha! Unalazimishwa kumbeba mgongoni uliyekuwa unamwinda. Matusi yalimiminika hata kabla watu hawajaimaliza, lakini katika siku tatu za mwanzo ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 4, na mwaka huohuo ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards.

Kituo cha HBO kilileta tamthilia Januari 2023, waongozaji wa kazi wakiwa Druckmann na Craig Mazin, yule wa Chernobyl. Sehemu 9, gemu nzima ya kwanza, kichwa mpaka miguu. Usiku wa kwanza walitazama watu milioni 4.7 huko Marekani. Usiku wa mwisho, milioni 8.2. Watu walikuwa wanaitana.

Msimu wa pili ulianza Aprili 13, 2025 kwa watu milioni 5.3, ukaisha Mei 25 kwa milioni 3.7. Kweli, usiku ule wa mwisho uliangukia wikiendi ya sikukuu, lakini sikukuu haiwezi kubeba lawama yote. Wala siwahesabu waliomtukana Bella Ramsey kwa sura yake, au Ellie kwa kumpenda msichana mwenzake. Hao walikuja na mawe mfukoni.

Nawahesabu waliopenda, wakavunjika moyo. Sehemu zilikuwa 7 tu, na hadithi ilikatwa palepale kwenye mgeuko: bunduki, giza, kisha Abby anaamka, maandishi yanasema Seattle, siku ya kwanza. Basi, imekwisha! Mwenye gemu aliendelea usiku uleule, hasira ikiwa bado ya moto. Mtazamaji aliambiwa angoje msimu wa tatu. Kofi lile likawa tangazo mlangoni kwamba duka limefungwa.

Na ukishakata kiunoni, viungo vingine navyo vinahama. Kwenye gemu unakaa saa nyingi hujui kwa nini Abby alimuua Joel. Kwenye tamthilia kiapo chake unakisikia mwanzoni kabisa mwa sehemu ya kwanza. Mimi naona ni hesabu ya woga: siri haiwezi kungoja miaka, basi itolewe mapema. Kisha kuna mazungumzo ya barazani, Joel na gitaa lake, Ellie akimwambia angependa kujaribu kumsamehe. Gemu iliyaficha mpaka karibu na mwisho kabisa, baada ya Ellie kupoteza karibu kila kitu, ndipo unajua alichokuwa anakililia. Tamthilia iliyaweka sehemu ya 6. Pedro Pascal na Ramsey waliigiza vizuri mno, machozi yalinilenga, sisemi uongo. Ila sehemu ya 7 tuliingia tumeshashiba. Huwezi kumtia mtu hamu ya kisasi wiki moja baada ya kumliza kwa msamaha.

Julai 2025 Druckmann akatangaza kwamba anajiondoa kwenye kazi ya msimu wa tatu, akamwachia Mazin.

Sasa mchapishaji wangu ameweka alama ya kalamu nyekundu ukurasa wa 158. Hapo mama amepokea barua, hajaifungua. Anasema ndipo msomaji atakaponunua kitabu cha pili. Barua inafunguliwa ukurasa wa 171. Jumatatu narudi kwake na kurasa hizo kumi na tatu mkononi, na kama lazima akate, nitamwomba akate baada ya hapo, hata kama karatasi zitaongezeka na malipo yangu yakapungua.