Pipa la bourbon na tunda la mwegea

Wadau, leo tuweke programu kando kidogo tuzungumze historia.

Siku hizi kuna bia nyeusi, nzito na kali, zinazolazwa miezi kadhaa ndani ya mapipa yaliyokuwa na wiski. Ukionja unapata kahawa, chokoleti na vanila. Hiyo vanila hutoka kwenye mbao za mwaloni. Mapipa yanapatikana kwa sababu sheria ya Marekani inataka bourbon ilazwe kwenye mapipa mapya yaliyochomwa ndani. Yakitumika mara moja, huuzwa.

Huku Machakos wazee walikuwa na mbinu inayokaribiana na hiyo. Wakamba hutengeneza uki, pombe ya asali au ya maji ya miwa. Asali ilitoka kwenye mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini. Kichachusho ni tunda la mwegea, lile refu linaloning'inia kama soseji. Hupasuliwa, huchemshwa kuondoa uchungu, hukaushwa, kisha huloweshwa kwenye maji ya asali. Likitolewa na kukaushwa tena, hamira imeshajificha ndani ya nyuzi zake. Pombe inayofuata huanzishwa na tunda lilelile.

Kwa lugha ya kompyuta: tunda ni diski, hamira ni data. Pipa huhifadhi ladha ya kinywaji kilichotangulia. Tunda huhifadhi viumbe hai vinavyofanya kazi yenyewe.

Uki ulikuwa kinywaji cha wazee, cha mahari na matambiko. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, na bia ya chupa ikachukua nafasi yake polepole. Mwaka 2010 ilipitishwa sheria mpya ya vileo. Sasa anayeuza anatakiwa awe na leseni na kufuata viwango.

Kwa nini nayaandika haya? Mwaka 2005 watu zaidi ya 40 walikufa hapa Machakos kwa kunywa pombe yenye methanoli. Tangu hapo wengi huziita zote "pombe haramu". Lakini methanoli ile ni kemikali ya viwandani, haikutoka kwenye asali wala tunda. Tukiviweka vyote kwenye folda moja, tutafuta kilicho chetu pamoja na sumu.

Tunda likikaa miaka bila kutumika, hamira hufa, na bekapu hakuna. Kama kwenu kuna mzee anayejua kulitayarisha, muulize leo, uandike hatua zote.