Muziki Usio na Tajiri: Stockton, Leningrad, Zambia

Tarehe 17 Januari 1989, vijana wawili wa Stockton, California, Stephen Malkmus na Scott Kannberg, waliingia katika studio ya nyumbani ya Gary Young, mwanamuziki aliyewazidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Walirekodi nyimbo tano siku hiyohiyo, Young mwenyewe akikalia ngoma, kwa gharama ya dola 800. Bendi waliiita Pavement, na santuri yao ndogo ya inchi 7 wakaipa jina la Slay Tracks: 1933–1969. Lebo iliyosomeka juu yake, Treble Kicker, haikuwa na ofisi wala tajiri. Ilikuwa ni Kannberg na nakala zake 1,000.

Wapenzi wa roki mbadala huitaja kazi ya namna hii kama mfano wa uhuru wa msanii. Hawakosei. Ila uhuru huo wenyewe haueleweki mpaka tujue mlango gani ulikuwa umefungwa, na nani alikuwa ameshika ufunguo.

Marekani ya mwaka 1989 iliuza kila kitu. Mwenye akiba kidogo aliweza kulipia studio, kiwanda, hata stempu za kupeleka santuri kwa majarida madogo ya mashabiki. Kilichokuwa adimu ni sikio la mtu. Kannberg akategemea posta, na posta ikamlipa: bendi ya Leeds, The Wedding Present, iliurekodi upya wimbo wao mmoja, “Box Elder”, wakati Pavement haijulikani hata Marekani kwenyewe.

Leningrad ya mwaka 1982 ilikuwa kinyume chake. Masikio yalijaa mji mzima. Ruhusa ndiyo haikuwepo. Santuri za Muungano wa Kisovyeti zilitoka kwa shirika la dola, Melodiya, na bendi isiyokubalika huko haikuwa na kiwanda kingine cha kukimbilia. Fundi sauti Andrei Tropillo alipata upenyo usiotarajiwa: aliendesha darasa la kurekodi katika jumba la shughuli za vijana, na saa za darasa zikiisha, vifaa vya serikali viliwarekodi watu ambao serikali haikuwarekodi. Hapo ndipo Viktor Tsoi na Aleksei Rybin wa bendi ya Kino, wakisaidiwa na wanamuziki wa bendi ya Aquarium, walipotengeneza albamu yao ya kwanza. Hawakuwa na mpiga ngoma. Baadhi ya nyimbo zinakwenda kwa mashine ya midundo. Waliiita “45”, kwa hesabu ya dakika zake. Wakati huo haikufyatuliwa popote. Aliyeipenda aliinakili kwenye rili yake, akampa jirani, naye jirani akanakili ile nakala. Kwa hiyo Pavement wanaweza kutaja idadi ya santuri zao, lakini idadi ya kanda za Kino haina wa kuitaja.

Zambia ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 haikupungukiwa wasikilizaji, wala serikali haikuwa kikwazo. Rais Kenneth Kaunda alitaka asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, na vijana wa miji ya shaba wakaitikia kwa magitaa ya umeme yenye mkwaruzo na mashairi ya Kiingereza. Sioni kinaya hapo: muziki uliotungwa Kitwe, mmojawapo wa miji hiyo, ni wa Kitwe, hata ukivaa shati la London. Kilichokosekana kilikuwa mtambo. Bendi ya WITCH, ikiongozwa na mwimbaji Emanuel Chanda, maarufu kwa jina la Jagari, iliitoa yenyewe albamu yake Introduction, na santuri zikafyatuliwa Nairobi. Njia hiyo wanamuziki wa Tanzania waliijua vizuri. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi kwa wingi, lakini nchi haikuwa na kiwanda, hivyo santuri zao nazo zilitengenezwa Kenya. Tofauti ni kwamba Tanzania kanda ilikuwa mali ya redio, ilhali WITCH waliuza santuri yao wenyewe, kwa mikono yao.

Ukizisikiliza kazi hizi tatu mfululizo, zote zina sauti chakavu kidogo, lakini uchakavu huo hauna asili moja. Wa Pavement kwa kiasi kikubwa ni wa kuchagua: waliipenda kelele, na hata majina yao waliyaficha, Kannberg akijiita Spiral Stairs na Malkmus akibaki herufi mbili tu. Wa Kino uliongezeka kila kanda ilipobadili mikono, hivyo msikilizaji wa mwisho alisikia pia njia iliyopitiwa. WITCH hawakuutaka hata chembe. Walitaka kusikika vizuri na kujulikana kwa majina, na hiyo kwangu ndiyo tamaa ya kawaida kabisa ya msanii. Wakusanyaji wa leo wanaousifu mkwaruzo wao kana kwamba ulikuwa msimamo wanawapa WITCH falsafa ya watu wengine.

Malipo nayo yalitofautiana. Pavement walipata kampuni na umaarufu ndani ya miaka michache. Tsoi alijaza viwanja kabla ya ajali ya gari kumuua mwaka 1990, akiwa na miaka 28. Jagari alisubiri zaidi: baada ya wenzake wa awali kufariki, santuri za zamani zikachapishwa upya ng'ambo, na mwaka 2023, akiwa ameshavuka miaka 70, akatoa albamu mpya ya WITCH, Zango.