Ufungaji wa spika na sabufa za matatu

Ufungaji wa spika na sabufa ni kazi ya kupanga vyombo vya muziki garini ili sauti itoke safi, bila kukoroma. Katika matatu za abiria 14 zinazopita Chwele, mji wa soko katika Kaunti ya Bungoma, Kenya, nafasi ni finyu, na sabufa ya inchi 10 au 12 mara nyingi husukumwa chini ya kiti.

Sabufa hubeba sauti nzito, takriban chini ya Hertz 80. Sauti zilizobaki ni za spika za milangoni, na twita, spika ndogo za sauti nyembamba, hufungwa juu, karibu na masikio. Boksi lililozibwa kabisa hutoa besi kavu. Lenye tundu huvuma zaidi.

Waya mnene wa amplifaya hutoka moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, fyuzi ikiwa jirani na betri. Ukipitishwa sambamba na nyaya za redio, injini husikika ikilia ndani ya wimbo. Spika moja ikiungwa chanya kwa hasi, besi hupotea hata sauti ikiongezwa. Kosa hili ni la kawaida zaidi kuliko mafundi wanavyokiri. Bati la mlango lililolegea nalo huimba wimbo wake.

Sauti kubwa si lazima iwe sauti nzuri. Tena ina mipaka ya kisheria: tangu 2009 Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo.